Baba ni askari wa Marekani, mtoto ana miaka 2: familia inahamia Ujerumani namna gani?

Kivu, Ituri, Tanganyika: fasi nyingi sasa hukosi familia yenye ndugu Marekani. Wengi walipitia kampi za wakimbizi, kama vile Nyarugusu kule Tanzania ao Nakivale kule Uganda, mbele ya kupokelewa na nchi hiyo. Katika watoto waliokulia kule, wako walioingia jeshi, juu sheria ya Marekani inaruhusu hata mgeni mwenye kibali cha kudumu cha kuishi kuwa askari. Kisha siku moja simu inaita: kijana amehamishiwa Ujerumani, na anaenda na bibi yake na mtoto wao mdogo. Hapa nyumbani maswali yanaanza. Ujerumani kuna vita gani? Mtoto wa miaka 2 anaenda kufanya nini kwenye kampi ya askari? Na mshahara, umepanda?

Vita haiko. Jeshi la Marekani limebaki Ujerumani tangu vita ya pili ya dunia ilipoisha mwaka 1945, na familia za kwanza za askari zilishuka na meli kwenye bandari ya Bremerhaven mwezi wa nne 1946. Mwaka huohuo shule za watoto wao zikafunguliwa. Leo, eneo la Kaiserslautern na uwanja wa ndege wa Ramstein lina Wamarekani karibu 50,000, ukihesabu askari, wafanyakazi wa kiraia, mabibi na mabwana zao pamoja na watoto. Kuna hospitali ya Landstuhl, maduka, makanisa. Ni mji ndani ya miji.

Hapa kwetu tumezoea picha zingine mbili. Askari wa MONUSCO walikuja bila familia, wakamaliza muda wao, wakabadilishwa na wengine. Na askari wa FARDC, bibi yake humfuata na mtoto mgongoni, mara nyingi bila karatasi hata moja inayosema anaenda wapi na atalala wapi. Marekani nayo ina askari inaowapeleka ng'ambo peke yao: wale wanaozungushwa kwa miezi michache Poland ao Romania hawabebi mtoto. Lakini anayepangiwa kituo cha kudumu Ujerumani anaweza kwenda na familia, na kwa kawaida hapo atakaa miezi 36. Akienda peke yake, ni 24.

Yote inasimama juu ya karatasi moja, ile amri ya uhamisho. Haitoshi jina la baba kuwa ndani. Sherti jina la bibi na la kila mtoto yaandikwe na kukubaliwa. Kabla ya hapo familia nzima inapita kwa daktari, hata mtoto anayenyonya. Kama mtoto ana ugonjwa unaohitaji mtaalamu ambaye hayuko kwenye kituo kile, familia inaweza kukataliwa, na baba akaenda peke yake ao akapangiwa fasi ingine. Kisha pasipoti. Kisha karatasi inayoonyesha kwamba familia inalindwa na mapatano ya mwaka 1951 kati ya nchi za NATO, yanayopanga namna askari wa nchi moja na familia zao wanaishi katika nchi ingine. Bila hiyo, mama na mtoto wanahesabiwa kama watalii, na mtalii hapewi zaidi ya siku 90.

Ni hapa familia za Kikongo zinaumia. Kwetu mtoto wa ndugu aliyekufa ni mtoto wako, na hakuna anayeuliza. Jeshi la Marekani linauliza. Mtoto ambaye askari hakumzaa, wala bibi yake hakumzaa, sherti awe amepangwa kwa sheria kabisa, ao tribunali iwe imemkabidhi askari huyo kwa miezi isiyopungua 12. Barua ya mjomba na mhuri wa chefu wa kata havitoshi. Koko vilevile: mama wa askari anahesabiwa kuwa tegemezi wake pale tu anapoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya maisha yake inalipwa na mtoto huyo. Kutuma makuta ya Noeli siyo nusu.

Na kama mtoto alizaliwa huku, safari inaanzia kwenye biro ya eta-sivili. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kisha kuzaliwa. Zikipita, inabaki kwenda tribunali ya watoto kutafuta ile watu wanaita jugement supplétif. Kwa mtu aliyekimbia vita mara mbili ao tatu, siku 90 zinapita bila kuonekana. Miaka kisha, karatasi hiyo ndogo ndiyo inaamua kama mtoto atapanda ndege na wazazi ao atabaki akiwangojea.

Wakifika, nyumba haiko tayari. Jeshi linasaidia kulipa hoteli, kwa kawaida hadi siku 60, wakati familia inatafuta pa kukaa ndani ya kampi ao mtaani kwa Wajerumani. Vitu vya nyumba vinakuja na meli na vinaweza kuchukua wiki nyingi. Gari moja nalo linasafirishwa kwa gharama ya serikali. Kwa kungojea, wanaazimwa vitanda, meza na viti. Mtu mkubwa anavumilia. Mtoto wa miaka 2 hajui neno uhamisho. Anajua tu kwamba kitanda chake hakiko, mbwa wa jirani hayuko, na saa saba ya usiku mwili wake unamwambia ni jioni, wakati wa kucheza. Ndiyo maana wazazi waliozoea hawaweki blanketi yake na kidoli chake ndani ya kontena. Hivyo vinapanda ndege, mkononi.

Jua nalo linachanganya. Bukavu jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kaiserslautern, mwezi wa kumi na mbili, giza linaingia kuanzia saa kumi na nusu ya mchana. Mwezi wa sita, saa tatu na nusu ya usiku bado kweupe, na hakuna mtoto anayekubali kulala. Wazazi wananunua pazia nzito.

Umeme ni jambo dogo, lakini linakula makuta. Marekani wanatumia volti 120. Ujerumani ni 230, karibu sawa na ya SNEL. Mashine ya kusaga chakula cha mtoto iliyonunuliwa Texas, ukiichomeka ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme, inaungua. Wauza vyombo vya umeme wa Goma wangewaonya bure.

Kinacholemea zaidi, hasa kwa mama, ni kukosa mikono. Kwetu mtoto wa umri ule anapita kwa shangazi, kwa dada mkubwa, kwa jirani. Mama anaenda soko na kurudi. Kule, baba akienda mazoezi kwa wiki kadhaa kwenye uwanja mkubwa wa Grafenwöhr, mama anabaki na mtoto ndani ya nyumba ya ghorofa. Siku ya Mungu maduka karibu yote yamefungwa, na majirani wanataka kimya. Kampi zina nyumba za kulelea watoto kuanzia wiki 6 hadi miaka 5, na bei inafuata mapato ya familia, lakini fasi hazitoshi na orodha ya kungojea ni ndefu. Mama asiye na kazi anapita nyuma, na bila fasi ya mtoto hawezi kuanza kazi. Wengine wanaandikisha mtoto kwenye gardienne ya Wajerumani, akipata nafasi. Tangu 2013 sheria ya Ujerumani inampa mtoto haki ya fasi kuanzia mwaka 1, lakini hata Wajerumani wenyewe wanalalamika kwamba fasi ni chache.

Basi koko aende kusaidia? Anahitaji viza ya Schengen, inayompa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na sherti aonyeshe kwamba atarudi. Amri ya jeshi haimbebi.

Kuhusu mshahara, huku wengi wanajidanganya. Mshahara wa cheo haupandi juu askari amevuka bahari. Kuna posho ya nyumba, ndiyo, lakini inafuata pango analolipa kwa kweli, na ina kipimo ambacho haipiti. Akipata nyumba ya bei ndogo, haweki tofauti mfukoni. Posho ya ugali wa ugenini, yaani ile ya kufidia bei za kule, inapanda na kushuka pamoja na bei ya dola mbele ya yuro. Ndugu anayesikia neno posho na kuagiza pesa ya paa la mabati anamweka kijana katika shida ambayo ni vigumu kuieleza kwa simu.

Lakini iko faida moja ambayo watu huku wanaihisi upesi. Akiwa Texas, kijana alikuwa nyuma ya Bukavu kwa saa 7 ao 8. Koko akiamka, mtoto analala. Ujerumani, majira ya joto, saa ni ileile ya Bukavu na Goma, na majira ya baridi tofauti ni saa 1 tu. Jioni koko anapiga video ya WhatsApp na kumwimbia mjukuu kwa Kiswahili. Mjukuu anajibu kwa Kiingereza cha nyumba ya kulelea watoto, na mara ingine kwa neno la Kijerumani alilookota kwenye uwanja wa michezo. Miezi 36 ikiisha atakuwa na miaka 5, tayari kuanza shule, na amri ingine itakuwa imetoka, yenye jina la mji mwingine na, kama makaratasi ni mazuri, jina lake ndani.