Fremu ya Baiskeli: Tuipake Nikeli au Rangi?



Pikipiki zimeingia kila mahali, lakini baiskeli bado inabeba mzigo mkubwa huku mashambani. Inabeba mitungi ya maji, maziwa, magunia ya makaa, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Basi kikundi kikienda kwa fundi kuundiwa fremu ya chuma iliyo imara, swali la mwisho huwa ni hili: tuimalizie na nini? Mmoja anasema rangi inatosha. Mwingine ameona fremu inayong'aa kama sufuria mpya, anataka nikeli. Hapo mabishano huanza, maana pesa ni ya wote. Hebu tulitazame jambo hili polepole.

NIKELI NI NINI?

Nikeli ni madini meupe yenye umanjano kidogo. Si kromu. Kromu ina weupe unaoelekea buluu. Kabla ya kromu kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920, sehemu za baiskeli zilizokuwa zinang'aa zilipakwa nikeli. Hata leo, kitu tunachokiita cha kromu huwa na nikeli chini yake. Kromu ya juu ni nyembamba mno. Inayozuia kutu hasa ni ile nikeli ya chini.

Nikeli haipakwi kwa brashi. Fremu husafishwa, husuguliwa mpaka iwe laini, huoshwa kwa asidi, halafu huning'inizwa ndani ya tangi la maji ya uvuguvugu yenye chumvi za nikeli. Fremu huunganishwa na upande hasi wa umeme, na vipande vya nikeli upande chanya. Umeme ukipita, nikeli husafiri na kushikamana na chuma kidogo kidogo. Kwa hiyo hii si kazi ya kufanyia nyumbani. Chumvi hizo ni sumu, na maji yake yakimwagwa mtoni au karibu na kisima yatadhuru watu na mifugo.

INAZUIAJE KUTU?

Hapa ndipo wengi hukosea. Tazameni bati la nyumba. Limepakwa zinki. Likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando huliwa kwanza, na chuma kinapona kwa muda. Zinki hujitoa kwa ajili ya chuma.

Nikeli haifanyi hivyo. Nikeli ni kama koti la mvua. Likiwa zima, maji hayapiti. Likitoboka, maji yataingia pale pale. Tena ni mbaya zaidi ya koti: penye tundu, chuma kilicho chini huliwa haraka kuliko kama kingekuwa wazi, kwa sababu nikeli iliyokizunguka inasukuma kutu iende kwenye chuma. Mtaona vidoa vidogo vya rangi ya kahawia, halafu nikeli inaanza kubanduka kama ganda.

Kwa hiyo unene ndio jambo kubwa. Unene huo hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1 ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita. Kwa chombo cha kukaa nje kwenye mvua, ombeni maikroni 20 hadi 30. Hiyo ni kama robo ya unene wa karatasi ya daftari. Fundi anayetaka kubana gharama anaweza kupaka maikroni 5 tu, na siku ya kwanza zote mbili zitang'aa sawasawa. Macho hayawezi kujua. Sumaku nayo haitawasaidia, kwa sababu inavuta nikeli vile vile inavyovuta chuma.

HATARI ILIYO NDANI YA BOMBA

Fremu ni mabomba matupu ndani. Umeme hauingizi nikeli vizuri ndani ya bomba, lakini asidi na maji ya tangi huingia kupitia matundu na nyufa ndogo za maungio. Yasipotolewa, yatakula chuma kutoka ndani huku nje kunang'aa. Fremu ya namna hiyo hukatika bila kutoa dalili, na ikikatika kwenye mteremko ikiwa na mtu na mzigo, si jambo la mchezo.

Dawa yake ni hii. Fundi wa fremu aache tundu dogo la kutolea maji katika kila bomba lililozibwa. Anayepaka nikeli asuuze ndani mara kadhaa, mara moja kwa maji yenye soda ya kuokea ili kuua asidi, kisha akaushe kwa joto. Mkiipokea, mwageni oili mpya kidogo ndani, geuzeni fremu kila upande, halafu ining'inizeni ili inayobaki ichuruzike.

Kuna jambo lingine. Asidi na umeme huweza kuingiza hewa ya haidrojeni ndani ya chuma kigumu sana, kikawa rahisi kuvunjika kama kigae. Bomba la kawaida la jua kali halina shida hiyo sana. Springi na bolti ngumu ndizo zenye hatari, kwa hiyo msizipeleke zikachovywe pamoja na fremu.

FAIDA NA HASARA

Faida ya nikeli ipo, tusiikatae. Ni ngumu kuliko rangi. Mahali ambapo kamba na magunia husugua kila siku, rangi huisha mapema lakini nikeli hustahimili. Tope hutoka kwa kitambaa tu. Hufifia baada ya muda, lakini ikisuguliwa hurudi.

Hasara nazo ni hizi. Kwanza, haifichi kitu. Bonde, alama ya tupa, au mchomeleo mbaya utaonekana zaidi. Fundi akisugua sana ili kuficha, anapunguza unene wa bomba. Pili, kila kitu cha kuchomelewa, kama vishikio vya keria, lazima kichomelewe kabla. Ukichomelea baadaye, nikeli inaungua na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Tatu, nyuzi za kufungia mhimili wa pedeli na usukani zikipata nikeli hubana, kwa hiyo zizibwe kwanza. Nne, watu wengine hutokwa na upele wakigusa nikeli mara kwa mara.

Na ya tano ndiyo inayotugusa sisi wa vijijini. Fremu ya rangi ikipata ufa, fundi wa sokoni ataikwangua, ataichomelea na kuipaka tena siku hiyo hiyo. Ya nikeli itabaki na kidonda.

SISI TUNASHAURI HIVI

Baiskeli ya kazi ipakwe rangi: msasa mpaka chuma kiwe cheupe, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu mara mbili, kila moja ikikauka vizuri. Kopo dogo libaki kwa kuzibia mikwaruzo. Wenzetu wa Pwani, ambako hewa ina chumvi, wawe waangalifu zaidi na nikeli, kwa sababu tundu dogo huko huharibika upesi.

Mkiamua nikeli bado, kuna njia ya katikati: fremu yote ichovywe nikeli, halafu ikwaruzwe kwa msasa na kupakwa rangi, ila pale kamba zinaposugua paachwe wazi. Baiskeli nyingi za mashindano zilitengenezwa hivyo kwa kromu.

Kabla ya kulipa, mpeni fundi kipande kifupi cha bomba lile lile, chenye mchomeleo mmoja, akichovye kwanza. Kifungeni kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kwa wiki moja, mkikilowesha kila siku. Vidoa vya kutu vikijaa, mmeokoa pesa yenu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Baiskeli yetu itabeba nini, na itasuguliwa wapi?
2. Ikivunjika, ni nani aliye karibu anayeweza kuitengeneza?
3. Fundi wa nikeli anaweza kutuambia ni maikroni ngapi, na kuandika kwenye risiti?
4. Maji machafu ya tangi lake anayamwaga wapi?
5. Pesa ya nikeli ingeweza kununua nini kingine, kama tairi au breki nzuri?

Mkimaliza kujadili, mwandishi wa kikundi aandike uamuzi kwenye kitabu cha mikutano, pamoja na sababu zake. Fedha ni ya wote, na atakayepanda baiskeli hiyo ni mmoja wenu.