Roketi zisizotoka chumbani

Moshi unafuka jukwaani, sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma, roketi inapaa. Asiyejua atadhani ni Florida. Kumbe yote, hata bahari ile ya mbali, ni kazi ya kompyuta iliyo chumbani kwa mtu.

Ufundi huu wa kuiga safari za anga una programu zake. Orbiter, iliyoandikwa na Martin Schweiger wa University College London, ilianza kutolewa bure mwaka 2000. Mwaka 2011 ikaja Kerbal Space Program, mchezo uliobuniwa na Felipe Falanghe katika kampuni ya Squad ya Mexico City, ambamo vijitu vya kijani hurusha vyombo vinavyotii kanuni za uvutano, na vingi hulipuka. Scott Manley, Mskoti aliyesomea fizikia na elimu ya nyota, alijipatia jina YouTube kwa kuucheza huku akifafanua sayansi yake.

Kurusha kwenyewe hujifunzwa upesi. Kinachotoa jasho ni kupiga picha za video. Orbiter hurekodi safari yenyewe, kwa hiyo mtu huruka mara moja, kisha huirudia akihamisha kamera: chini ya injini, kando ya mnara, juu ya mawingu. Kerbal haina huruma hiyo. Anayetaka pembe tatu za kamera huhifadhi mchezo kwa kitufe cha F5 kabla ya kuwasha injini, hurusha, hurudi nyuma kwa F9, hurusha tena; na roketi ya pili haipindi pale pale ilipopinda ya kwanza. F2 nayo huondoa vipimo vyote kwenye skrini. Chombo kikiwa na vipande vingi mno, kompyuta huelemewa, tarakimu za saa ya safari hugeuka njano na roketi hupanda kwa kujikokota. Sehemu hiyo mhariri huiharakisha baadaye.

Wengi huumbuliwa na sauti. Waandishi wa habari katika kituo cha anga cha Kennedy, Florida, hukaa zaidi ya kilomita 5 kutoka jukwaa la kurushia la 39A, na sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Moto huonekana kwanza. Ngurumo hufika baada ya sekunde 15 hivi. Video ya kutoka mbali ambayo ngurumo yake huanza sambamba na moto imejianika yenyewe, na muziki wa mbwembwe hauiokoi.

Uigaji wa namna hii haukuanza na vijana wa YouTube. Julai 1969, Apollo 11 iliposhuka Mwezini, hapakuwa na kamera ya kuonyesha mbashara kushuka kule. Televisheni ya CBS ya Marekani ikaonyesha mfano, na kwenye skrini ikaandika kwamba ni uigaji. Mfano ukatua wakati Armstrong, kamanda wa safari hiyo, angali angani akitafuta pa kushukia.

Watengenezaji wa video wa leo nao waliandike neno hilo, uigaji, juu ya picha yenyewe. Klipu ikishakatwa na kurushwa WhatsApp, maelezo yaliyowekwa chini ya video hayasafiri nayo.