Je, Wajua? Kifuniko cha rejeta si kizibo tu

Mjini Meru, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ya rejeta huvumilia kupita 110, kwa kuwa kifuniko huyabana yasigeuke mvuke. Raba yake ikichakaa, kinga hiyo imekwenda. Ndipo gari kuukuu kutoka Embu huchemsha likipanda baada ya daraja la Nithi, na feni ni nzima kabisa! Kagua kifuniko kwanza, kabla fundi hajang'oa thamostati (wapo wanaopenda mno kuing'oa). Ila usikifungue injini ikiwa moto: shinikizo likiachiliwa, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni.