Ziraili Akifika Kibakwe: Upeo wa Matarajio ya Msomaji na Riwaya ya Vita vya Malaika

Uhakiki wa Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya umeelekea zaidi kwenye falsafa na mwingilianomatini. Diegner (2005), kwa mfano, anaisoma sambamba na Nagona ya Kezilahabi. Njia hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, msomaji anayeifunga riwaya hii katikati kwa hofu au hasira huachwa nje ya mjadala, kana kwamba tatizo lake ni upungufu wa elimu. Makala haya yanadai kwamba mwitiko huo una msingi wa kilugha unaostahili kuchunguzwa.

Kwa mujibu wa Jauss, kila msomaji huijia matini akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na matini alizozijua kabla. Tumchukue msomaji wa kinadharia kutoka Kibakwe, wilayani Mpwapwa: amelelewa kwa Cigogo nyumbani, na Kiswahili amekipata shuleni na kanisani, katika wilaya ambayo wamisionari wa CMS waliweka kituo tangu miaka ya 1870. Kwake vita vya mbinguni si jambo geni, kwani Ufunuo sura ya 12 imekwisha kumsimulia Mikaeli akipigana na joka. Todorov (1970) anaiona fantasia kuwa zao la kusita baina ya maelezo ya kimaumbile na yale yasiyo ya kimaumbile. Msomaji huyu hasiti hata kidogo, anaamini. Kile ambacho mhakiki anakiita fantasia, yeye anakipokea kama ushuhuda unaopingana na ushuhuda mwingine anaoujua.

Kinachomkwaza ni jina. Ziraili hayumo katika Biblia yake. Amemsikia mitaani na misibani, mara nyingi kwa matamshi ya “Israeli mtoa roho”, na hivyo jina la malaika wa mauti likagongana na jina alilopewa Yakobo. (Mgongano huu wa kifonolojia ungestahili makala yake.) Msomaji Mwislamu wa Pangani au Unguja ana tatizo la upande wa pili. Jina analijua vyema kutokana na mapokeo, ingawa Kurani yenyewe husema tu malaika wa mauti (32:11). Kwake ugumu uko kwenye uasi: malaika ni viumbe watiifu, na Ibilisi aliyeasi ametajwa kuwa miongoni mwa majini (18:50). Kitabu ni kimoja, lakini mmoja anajikwaa kwenye jina na mwingine kwenye vita.

Wote wawili, hata hivyo, hukutana katika neno malaika. Kiswahili kililikopa umbo la wingi la Kiarabu na kulitumia kwa umoja na wingi pia, hivyo idadi hubebwa na upatanisho: malaika alianguka, malaika walianguka. Tungo kama “upanga wa malaika” haisemi kama aliyeushika ni mmoja au ni kundi. Katika masimulizi ya vita, ambamo msomaji anahitaji kujua nani kampiga nani, utata huo si mdogo.

Uzito zaidi uko kwenye maana. Malaika ni mjumbe wa Mungu, ni mtoto mchanga, na pia ni vinyweleo laini vya mwilini. Mama aliyezika kichanga huambiwa kwamba mwanawe sasa ni malaika. Neno lililokwisha kutumika kumfariji mtu makaburini haliwezi kuingia vitani likiwa jepesi, na mhakiki anayeona hapo ushirikina tu hajalisikiliza neno. Isitoshe, Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kumtaja malaika aliyeasi. Akianguka hunyang’anywa nomino yenyewe na kuitwa shetani. Anayetaka kuhifadhi asili yake hulazimika kuongeza kivumishi au kishazi, malaika mwasi, malaika aliyeanguka, na kila mara msomaji husikia maneno mawili yanayokataana.

Milton aliwaandikia wasomaji waliokuwa na Biblia moja na, kwa kiasi kikubwa, msamiati mmoja wa mbinguni. Mkufya anaandika katika lugha ambayo misikiti na makanisa huigawana kila siku, na jina la Ziraili kwenye jalada humtaka msomaji wa Kibakwe aivuke mipaka hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.