HAKI YA KISIMA NA HAKI YA JIRANI: MFANO WA OMAN

Oman ni nchi ambayo wakaazi wengi wa visiwa vyetu wanaijua kwa udugu na safari. Sehemu kubwa ya nchi hiyo hupata mvua ya karibu milimita 100 tu kwa mwaka. Katika hali hiyo, suala la nani ana haki ya kuchota maji, na kwa ruhusa ya nani, ni suala la uhai wa vijiji.

Mfumo wa asili

Kwa karne nyingi vijiji vya Oman vimeishi kwa mifereji iitwayo aflaj. Mmoja wake ni falaj. Falaj huyapokea maji ya ardhini penye chanzo, aghalabu karibu na mlima, na kuyaleta kijijini kwa mteremko, bila ya mashine. Kisima cha chanzo huitwa kisima mama. Maji yanapofika hutumika kwanza kwa kunywa, kisha kwa msikiti na kuogea, halafu kwa mitende, na mwisho kwa mazao ya msimu.

Maji ya kumwagilia hugawiwa kwa muda. Fungu moja, liitwalo athar, ni takriban nusu saa. Fungu hilo ni mali: hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na huwekwa wakfu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na shamba asiwe na maji, au akawa na maji asiwe na shamba.

Ujio wa pampu

Baada ya mwaka 1970 pampu zilienea kwa kasi. Mwenye shamba alichimba kisima katika ardhi yake na hakuona sababu ya kumwuliza mtu. Lakini maji ya ardhini hayafuati mipaka ya mashamba. Pampu ikivuta karibu na kisima mama, kina cha maji hushuka, na mfereji hauna uwezo wa kuyafuata. Mjane aliyerithi fungu lake hubaki nalo katika hesabu ya kijiji, hali mfereji umekauka. Katika pwani ya Batinah madhara yalikuwa ya namna nyingine: maji matamu yalipopungua, maji ya bahari yaliingia ardhini, na baadhi ya mashamba yakaharibika kwa chumvi.

Hatua za Serikali

Mwaka 1988, kwa Amri ya Sultani nambari 82/88, maji ya nchi hiyo yalitangazwa kuwa rasilimali ya taifa. Uchimbaji wa visima ndani ya kilomita 3.5 kutoka kisima mama cha falaj ulikatazwa. Aidha, uchimbaji wa kisima kipya uliwekewa sharti la kibali. Mwaka 2000 ilitolewa sheria nyingine ya kulinda maji, kwa Amri nambari 29/2000. Wazo la kuzuia kisima kisikidhuru chanzo cha mwingine halikuwa geni, kwani fiqhi ya Kiislamu inaitambua harimu, yaani eneo la hifadhi linalozunguka kisima.

Malalamiko na majibu yake

Mwenye shamba asiye na fungu katika falaj aweza kulalamika kwamba amenyimwa kunufaika na mali yake. Jibu la sheria ni kwamba ardhi yake haikuchukuliwa. Kilichozuiwa ni kitendo kinachoondoa haki ya mwingine. Jibu hilo ni la haki, lakini halimalizi jambo. Aliyechimba kabla ya sheria hubaki na kisima chake, na mzigo humwangukia aliyechelewa, ambaye mara nyingi ni kijana au mtu wa kipato kidogo. Isitoshe, kibali cha kisima kipya peke yake hakipunguzi maji yanayovutwa na visima vya zamani. Kwa hiyo udhibiti huwa wa haki pale tu kipimo kinapomhusu mwenye kisima cha zamani sawasawa na mwombaji mpya.

Funzo kwa visiwa

Zanzibar ina mvua nyingi kuliko Oman, lakini nayo hutegemea zaidi maji ya ardhini. Katika maeneo ya maweni na ya pwani, maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima cha jirani huharibika pamoja na cha mvutaji. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji nambari 4 ya mwaka 2006, ndiyo iliyopewa dhamana katika jambo hili.

Wananchi, wawekezaji na watendaji wanakumbushwa kwamba ushauri wa Mamlaka utafutwe kabla ya kuchimba, si baada ya maji kuingia chumvi. Hati ya kiwanja humpa mtu ardhi. Maji yaliyo chini yake ni ya yeye na majirani zake.