VIDOLE VIWILI VILIVYOMTESA LEON FLEISHER MIAKA 30

HEBU weka gazeti mezani msomaji wangu, nyoosha mkono wako wa kulia. Sasa kunja kidole cha pete pamoja na kile kidogo kabisa, vibane kwenye kiganja, kisha jaribu kufunga kifungo cha shati. Unaweza, ila unahangaika, siyo? Haya, sasa chukulia kwamba vidole hivyo umekunjiwa na mwili wako mwenyewe, bila ruhusa yako, na kazi inayokulisha ni kupiga piano mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Hayo ndiyo yaliyompata Leon Fleisher, Mmarekani ambaye wapenzi wa muziki wa klasiki hawawezi kutaja wapiga piano wa karne ya 20 wakamruka. Mimi ni mtu wa dansi na Bongo Fleva, sisomi nota hata moja. Jamaa huyu nilitambulishwa na jirani yangu anayepiga kinanda kwenye kwaya. Aliniwekea muziki kwenye simu, akaninyamazia kama dakika kumi hivi, ndipo akanisimulia kisa. Tangu siku hiyo nimemfuatilia mzee huyu mpaka nyumbani wananishangaa.

Fleisher alizaliwa San Francisco Julai 1928. Baba alikuwa fundi kofia, mama alikuwa mama mwenye mipango. Walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, na mama alishaamua: mtoto huyu ama atakuwa rais wa kwanza Myahudi wa Marekani, ama mpiga piano wa kutikisa dunia. Basi, hakuna cha tatu. Akina mama wa namna hiyo hata mtaani kwenu wapo.

Aliyekuwa akifundishwa piano hasa ni kaka yake. Mwalimu akiondoka, kaka mtu anakimbilia nje kucheza, mdogo mtu anakaa kwenye piano na kupiga somo lote alilolisikia kwa masikio tu. Alipofika miaka minne masomo yakahamishiwa kwake, kaka akapumzika. Akiwa na miaka minane tayari alishapanda jukwaani.

Sasa sikia ujanja wa wazee. Artur Schnabel, bingwa wa muziki wa Beethoven zama zile, alikuwa hafundishi watoto. Kiongozi wa okestra aliyeitwa Alfred Hertz akamwalika chakula cha usiku nyumbani kwake. Wakati mgeni anakula, Leon akaingizwa kimyakimya kupitia chini ya nyumba. Milango ya chumba cha chakula ilipofunguliwa, mtoto huyo hapo, kakaa kwenye piano, tayari kwa kazi. Ungemfukuza? Schnabel akasikiliza, akamkubali, kwa sharti kwamba akae mbali na maonyesho. Mwaka 1938, akiwa na miaka tisa, Leon alikuwa Italia kando ya Ziwa Como, darasani kwa mzee.

Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky alifundishwa na Czerny, na Czerny alifundishwa na Beethoven mwenyewe. Waliosoma kwa masheikh wanaijua silsila ni kitu gani. Kijana alikuwa anapokea mkono kwa mkono.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 16, alipiga konseto ya kwanza ya Brahms na okestra ya New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie. Konseto ni kazi ambayo piano moja inajibizana na okestra nzima, na hii ya Brahms ni ngumu hata kwa watu wazima. Mwaka 1952 akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano ya Malkia Elisabeth kule Brussels, Ubelgiji. Akaanza kurekodi na George Szell na okestra yake ya Cleveland. Szell alikuwa mkali, haachi kosa dogo lipite, na kijana naye ni hivyo hivyo. Zisikilize rekodi hizo usikie moto.

Ndipo ikaja 1964. Fleisher ana miaka 36, ana mke na watoto, na mbele yake kuna safari ya Umoja wa Kisovieti na Szell. Anafanya mazoezi kwa saa nyingi mno kwa siku, na baadaye mwenyewe alilaumu mazoezi hayo ya kupita kiasi. Mkono wa kulia ukaanza uvivu. Kidole cha nne na cha tano vikaanza kujikunja. Akaongeza mazoezi, navyo vikazidi kujikunja. Haukupita muda mrefu, vikawa vimejificha kwenye kiganja na havitoki akiwa kwenye piano. Safari ikafa.

Madaktari hawakuambua kitu. Mfupa mzima, maumivu hamna, lakini mkono haufanyi kazi. Akajaribu dawa, akakandwa, akaenda kwa wataalamu wa akili. Kwetu angeambiwa amerogwa, na kwa jinsi alivyochoka sidhani kama angekataa kupelekwa kwa mganga. Nyumbani nako ndoa ikavunjika. Akafuga ndevu na nywele, akazifunga nyuma, akanunua pikipiki ya Vespa, na kuna wakati alifikiria kujiua. Hilo alilisema mwenyewe bila kuficha.

Ugonjwa huo leo unajulikana kwa jina la distonia. Ubongo unapeleka amri mbovu kwenye misuli ya kazi ile ile ambayo mtu ameirudia maelfu kwa maelfu ya mara. Huwapata wapiga muziki, na huwapata pia watu wanaoandika kwa mkono kutwa nzima. Ila Fleisher alikaa karibu miaka 30 bila kuambiwa jina hilo.

Alifanya nini sasa? Alishika fimbo akawa kondakta, siyo konda wa daladala bali yule anayeongoza okestra. Alifundisha katika chuo cha Peabody kule Baltimore, alikoanza mwaka 1959. Na alirudi kwenye piano kwa mkono wa kushoto peke yake.

Hapa ndipo jirani yangu aliponimaliza. Mkono wa kushoto! Ule ambao kwetu ukimpokelea mzee kitu kwa huo, unakula kofi. Kumbe Ulaya kuna muziki kamili uliotungwa kwa ajili yake. Tajiri mmoja wa Vienna, Paul Wittgenstein, alikuwa mpiga piano na alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914. Badala ya kukaa chini alitoa pesa, akawaagiza watunzi wakubwa wamtungie. Mfaransa Maurice Ravel akamtungia konseto iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932.

Nimeirudia kazi hiyo mara nyingi nikitafuta siri. Siri iko kwenye dole gumba. Gumba la kushoto ndilo linaimba sauti ya juu, na vidole vingine vinne vinaruka kwenda chini kushika besi, halafu mguu unakanyaga pedali ili noti za chini ziendelee kulia wakati mkono umeshahama. Fumba macho, utaapa kuna mikono miwili. Fleisher aliipiga kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mikono miwili ya watu wengine haifiki pale, samahani kama nawakwaza wenye fani yao.

Septemba 1982 Baltimore walifungua ukumbi mpya, Meyerhoff, na Fleisher akatangazwa: anarudi na mikono yote miwili! Televisheni zikawepo. Akapiga kazi ya César Franck, watu wakasimama, makofi, machozi. Na yeye pale jukwaani anajua kwamba mkono haujapona, ameuburuza tu. Kwa maoni yangu huo ndio usiku mgumu kuliko yote maishani mwake. Kushindwa watu wakakuzomea, unajua la kufanya. Unafanyaje watu wanapolia kwa furaha na wewe unajua ukweli? Fleisher aliamua kurudi kwenye mkono wa kushoto.

Dawa ilipatikana miaka ya 1990, nayo ni ya kuchekesha: Botox! Ndiyo, ile ile wanayochomwa mastaa kuondoa makunyanzi. Ni sumu ya bakteria wa vyakula vilivyoharibika, ila kwa kiasi kidogo sana hulegeza msuli uliokaza. Akachomwa kwenye mkono, akakandwa ile misuli iliyokuwa ngumu kama ubao, na vidole vikafunguka. Siyo kwamba alipona. Dawa inaisha baada ya miezi kadhaa, unachomwa tena, na distonia ipo pale pale inasubiri. Lakini mwaka 1995 alikuwa anapiga Mozart hadharani kwa mikono miwili.

Mwaka 2004 akatoa albamu aliyoiita "Two Hands", yaani mikono miwili. Mwaka huo huo, Berlin, alipiga kwa mara ya kwanza duniani kazi ya Hindemith ya mkono wa kushoto, ambayo Wittgenstein aliiagiza, hakuipenda, akaificha, ikaja kupatikana baada ya mjane wake kufariki. Mwaka 2007 alipewa heshima ya Kennedy Center mjini Washington, kundi moja na Diana Ross. Alikwenda, ingawa vita vya Rais Bush kule Iraq vilimkera, na baadaye aliandika hivyo gazetini.

Wanafunzi wake ni wengi. Mmoja ni André Watts, ambaye baba yake alikuwa mwanajeshi Mmarekani mweusi. Watts alipoharibikiwa neva za mkono wa kushoto uzeeni, aliichukua konseto ile ile ya Ravel akaanza kuipanga upya, aipige kwa mkono wa kulia. Alifariki mwaka 2023. Mwalimu wake alitangulia Agosti 2, 2020, Baltimore, akiwa na miaka 92.

Ukitaka kumwonja, anza na Brahms aliyorekodi na Szell mwaka 1958, kijana akiwa na nguvu zake. Kisha nenda kwenye "Two Hands", tafuta sonata ya mwisho ya Schubert, iliyotungwa mwaka 1828 mtunzi akiwa na miezi miwili tu ya kuishi. Fleisher haharakishi. Wimbo unaanza taratibu, unasimama, halafu kutoka chini kabisa unasikia mngurumo mdogo kama radi ya mbali. Huo anaupiga kwa mkono wa kushoto.