Silaha za Kambi Mbili na Watu wa Kampala

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mataifa yaliyokuwa yameshirikiana kumpiga Hitler hayakukaa pamoja muda mrefu. Marekani na wenzake wa Magharibi walisimama upande mmoja wakitetea demokrasia na biashara ya watu binafsi. Urusi ya Kisovieti na wenzake wa Mashariki walisimama upande wa pili wakitetea ukomunisti. Uadui huo ulidumu zaidi ya miaka 40 ukaitwa vita baridi, kwa kuwa majeshi ya wakubwa hao wawili hayakupambana waziwazi uwanjani. Jina hilo lilitungwa na watu waliokuwa mbali na Lukaya.

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, jeshi lake lilikuwa dogo, nalo lilitokana na kikosi cha nne cha King's African Rifles kilichokaa Jinja. Maofisa wake wakuu walikuwa Waingereza. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika, na serikali ikalazimika kuita majeshi ya Kiingereza kuyazima maasi hayo. Baada ya aibu hiyo serikali ya Milton Obote iliongeza mishahara, kisha ikaanza kutafuta walimu wengine wa kijeshi.

Walimu hawakuwa haba. Waisraeli walikuja kufundisha askari wa miavuli na marubani, wakaleta ndege za Fouga Magister. Hawakuja kwa mapenzi matupu: kusini mwa Sudan wapiganaji wa Anyanya walikuwa wakipigana na serikali ya Khartoum, na Uganda ilikuwa njia nzuri ya kuwafikia. Vijana wengine wa Uganda walipelekwa Urusi na Chekoslovakia kujifunza kurusha ndege za MiG. Hivyo katika jeshi moja mwanafunzi wa Tel Aviv alikutana na mwanafunzi wa Moscow, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuelewana.

Mwaka 1969 Obote alitangaza Mkataba wa Mtu wa Kawaida, ulioelekeza nchi upande wa ujamaa. Tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni yapatayo 80, yakiwemo mabenki. London haikufurahi. Obote alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, akiupinga mpango wa Uingereza wa kuiuzia silaha Afrika Kusini, Meja Jenerali Idi Amin alipotwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Uingereza iliitambua serikali mpya siku chache tu baadaye. Julai mwaka huo huo Amin alipokewa kwa heshima Israel na Uingereza.

Urafiki huo haukumaliza mwaka mwingine. Amin alitaka silaha nyingi kuliko wenyeji wake walivyokuwa tayari kumpa. Februari 1972 alikwenda Libya, na kabla ya Aprili kuanza alikuwa amekwisha kuwaamuru Waisraeli wote waondoke. Agosti akawageukia Waasia wenye uraia wa Uingereza. Mwaka 1973 Ubalozi wa Marekani mjini Kampala ulifungwa. Mlango wa Magharibi ulipofungwa, wa Mashariki ulikuwa wazi, na Urusi ikaleta vifaru, magari ya deraya na ndege za MiG-21. Moscow haikumuuliza Amin amemsoma Marx au hakumsoma. Ilichotaka ni rafiki katikati ya Afrika, hasa kwa kuwa Kenya ilikuwa karibu na Magharibi, na Tanzania ilikuwa ikipata silaha na walimu kutoka China, nchi iliyokuwa imekosana na Urusi ingawa zote mbili zilijiita za kikomunisti.

Bei ya zawadi hizo ilionekana Novemba 1975. Mwaka huo Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Amin alikuwa mwenyekiti wake. Angola ilikuwa ikijitawala huku vyama vitatu vikipigana: MPLA kikisaidiwa na Urusi na Cuba, FNLA na UNITA vikisaidiwa na Marekani na Afrika Kusini. Msimamo wa Umoja ulikuwa vyama vyote viunde serikali moja. Moscow ilimtaka Amin aitambue MPLA peke yake. Amin aliona anaamriwa kama mtumishi, akakata uhusiano na Urusi. Kabla mwezi haujakwisha uhusiano ulikuwa umerudishwa. Haki yapasa itolewe hata kwa mtawala mbaya: katika jambo hilo alitetea neno lililokubaliwa na nchi za Afrika. Lakini alipotaka vipuri vya ndege zake, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Januari 1976 wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa wakagawanyika sawasawa, nchi 22 upande huu na nchi 22 upande ule, huku Uganda na Ethiopia zikijizuia kupiga kura.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walishuka Entebbe kuwaokoa abiria wa ndege ya Air France iliyotekwa nyara. Jengo walimofungiwa mateka hao lilikuwa limejengwa na kampuni ya Kiisraeli enzi za urafiki, nayo ramani yake ilikuwa bado mikononi mwa wajenzi. Kabla ya kuondoka waliziteketeza ndege za MiG zilizokuwa zimeegeshwa kiwanjani. Waliokuwa walimu wa marubani wa Uganda ndio waliochoma ndege zao. Askari wengi wa Uganda waliuawa usiku ule, na familia zao hazitajwi sana katika vitabu na sinema zilizotungwa juu ya kisa hicho.

Nyumbani, vita baridi viliingia kwa njia ya kahawa. Jalidi iliyoiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei duniani, na kahawa ikawa karibu ndiyo peke yake iliyoiletea Uganda fedha za kigeni. Theluthi moja hivi ilinunuliwa na Marekani, nchi ile ile iliyokuwa imefunga ubalozi wake. Ndege za mizigo zilikwenda Stansted, Uingereza, na kahawa, zikarudi na pombe kali, redio na saa za kuwapendeza maofisa. Mke wa askari wa kawaida hakuziona redio hizo. Yeye alitafuta sukari, chumvi na sabuni kwa bei ya magendo, huku matajiri wapya walioitwa mafuta mingi wakinenepa. Oktoba 1978 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kununua kahawa ya Uganda kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na utawala wa Amin. Sheria hiyo ilikuwa ya haki, ila ilichelewa sana.

Mwezi huo huo majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Tanzania, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Hapo ndipo mtu anayedhani kwamba vita baridi vilikuwa ugomvi wa fikra mbili angepaswa kusimama atazame. Askari wa Uganda walipigana wakiwa na vifaru na ndege za Kirusi. Askari wa Tanzania walikuja na vifaru vya Kichina, na maroketi ya Kirusi ambayo Waganda waliyapa jina la Saba Saba. Libya ilileta askari zaidi ya 2,000, nao silaha zao nyingi zilitoka Urusi. Katika mapigano ya Lukaya ya tarehe 10 na 11 Machi 1979, juu ya barabara inayokatiza bwawa baina ya Masaka na Kampala, silaha za nchi za kikomunisti zilirushwa kutoka pande zote mbili, na makamanda wa Uganda na wa Tanzania walitoa amri kwa Kiswahili. Hapakuwa na mtu yeyote pale aliyepigania ubepari au ukomunisti.

Tarehe 29 Machi ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotengenezwa Urusi, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yake yalikosea shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala.

Moscow haikuleta askari wa kumwokoa rafiki yake. Entebbe iliangukia mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 7 Aprili, na Kampala tarehe 11. Masaka na Mbarara zilikuwa zimebomolewa vibaya. Mwezi uliofuata Marekani iliondoa marufuku ya kahawa, na ubalozi wake ukafunguliwa tena mwaka huo huo. Yaliyofuata hadi Yoweri Museveni alipoingia Kampala Januari 1986 ni habari ndefu ya mahali pengine. Yatosha kusema kwamba serikali hiyo ilianza kwa kubadilishana bidhaa na Cuba na nchi za Mashariki, na Mei 1987 ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka miwili na nusu baadaye ukuta wa Berlin ulibomolewa, na waliokuwa wakigawa bunduki wakaondoka wakiziacha bunduki zao nyuma.

Nazo hazikuondoka. Askari wa Amin walipokimbia mwaka 1979 waliiacha ghala ya silaha ya kambi ya Moroto bila mlinzi, na Wakaramoja wakachukua bunduki maelfu. Wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukawa unafanywa kwa risasi, na baadaye silaha nyingine zikaingia kutoka vita vya Sudan. Serikali ilijaribu kuzikusanya mwaka 2001, ikaanza tena mwaka 2006. Mashambulizi ya ng'ombe yaliporudi kwa nguvu, Julai 2021 jeshi na polisi walipelekwa Karamoja kwa mara nyingine, katika operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.